Nusu Sekunde ya Alfajiri

Ninyi vijana mnaotembea na simu mfukoni hamjui taabu ya kuulizana saa. Simu ya huyu na simu ya yule zinasema kitu kimoja, wala hamjiulizi nani anazipatanisha. Mimi niliajiriwa kupatanisha saa nne tu, na nikashindwa kwa nusu sekunde. Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi ameniomba niwaandikie habari za kazi yangu, akasema niandike mambo ya kutia moyo. Nitajaribu. Lakini habari niliyo nayo ni ya hiyo nusu sekunde, na ya mtu aliyelala mahabusu kwa sababu yake.

Naitwa Idi. Kabla ya hayo yote nilikuwa fundi saa, nina kijisanduku cha kioo pale sokoni Singida mjini, stuli moja, na lenzi ya kubana kwenye jicho. Kazi nilifundishwa na Mzee Abdallah, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa akipuliza vumbi kwenye saa huku amebana pumzi ya pili asije akapeperusha skrubu. Skrubu ya saa ikidondoka sakafuni pale sokoni, isahauni. Nilishawahi kutafuta moja kwa magoti kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, nikaikuta kwenye mkunjo wa suruali yangu mwenyewe. Mzee Abdallah alikuwa ameiona tangu mapema. Alinyamaza ili nijifunze kuvaa suruali isiyo na mikunjo.

Kisha biashara ikawa huria. Mipaka ikafunguka, bidhaa zikaingia, na saa za plastiki za betri zikawa zinauzwa kwenye beseni kama dagaa. Mtu saa ikimfia ananunua nyingine, nani amlipe fundi? Mzee Abdallah akafunga sanduku lake, akarudi kwao Manyoni kulima. Mimi nikang'ang'ana mwaka mwingine nikibadilisha betri na mikanda. Sikuwachukia wenye mabeseni, nao walikuwa wanatafuta. Ila niliona uchungu, sitaficha, kuwa na ufundi mkononi ambao hakuna anayeuhitaji.

Sasa nisikilizeni jambo moja la kazi kabla sijaendelea, kwa sababu bila hilo hamtanielewa.

Tulikuwa na mteja mmoja mwoka mikate. Saa yake, nzuri ya kutia ufunguo, ilikuwa inachelewa. Nikaifungua, nikaisafisha, nikairekebisha, nikaitundika dukani siku mbili, haikosei. Nikamrudishia. Baada ya wiki karudi: inachelewa. Nikairekebisha tena, dukani safi kabisa. Mara ya tatu yule bwana akaniuliza kama mimi ni fundi au ni mganga. Mzee Abdallah akaichukua ile saa, akaenda nayo kwenye tanuri la mikate, akashinda huko kutwa nzima anatoka jasho, akairekebisha hukohuko. Haikurudi tena. Aliporejea aliniambia: "Joto linalegeza chuma, we mtoto. Saa umeirekebishia kivulini, mwenyewe anaishi motoni."

Nililielewa somo lile vizuri. Ndivyo nilivyodhani.

Miaka ile barabara ilikuwa inajengwa upande wetu, na mkandarasi binafsi akafungua machimbo ya mawe karibu na kijiji kimoja kule upande wa Mungaa. Kule mawe si ya kutafuta, yamekaa nje yenyewe, makubwa kupita nyumba. Walikuwa wanayapasua kwa baruti, wanasaga kokoto. Wanakijiji wakaanza kulalamika kwamba nyumba zao zinapata nyufa. Nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa tembe, zile za kuta za udongo na paa bapa la miti lililoshindiliwa udongo juu. Ni nyumba tamu, mchana baridi, usiku joto. Lakini lile paa ni zito, na likija chini halichagui.

Mkandarasi akasema si baruti yake. Akasema nchi hii iko kando ya Bonde la Ufa, ardhi yenyewe hutetemeka. Wanakijiji wakasema mbona haikutetemeka kabla yenu. Basi ikakubaliwa mambo mawili. Kwanza, baruti itapigwa saa kumi jioni tu, king'ora kikishalia na bendera nyekundu ikishapandishwa. Pili, vitawekwa vyombo vya kupima mitetemo, vya watu wasio wa upande wowote, na kila mtetemo ukitokea vyombo vitasema umetoka wapi.

Vyombo vililetwa na mhandisi kijana kutoka Dar es Salaam, Injinia Neema. Alikuwa anatafuta mtu wa kuvitunza anayejua saa, mtu fulani akamwelekeza kwenye kisanduku changu cha kioo. Alinikuta nasinzia.

"Shikamoo fundi. Unaweza kutunza saa nne ziende sawasawa?"

"Marahaba. Za ukutani au za mkononi?"

"Za porini," akasema.

Nikafunga duka siku ileile.

Hebu niwaeleze vyombo vyenyewe. Yalikuwa masanduku manne ya chuma, kila moja na kihisio kilichofukiwa ardhini, betri, bamba la sola, na redio ndogo yenye antena ya kuongea na wenzake bila waya. Sanduku la kwanza tuliliweka ofisi ya kijiji, tukaliita Mkubwa. Lile lilikuwa linapokea saa kutoka kwenye setilaiti, kwa hiyo halikosei. Mengine matatu tuliyaita wadogo: mmoja shuleni, kwenye stoo ya bati, mmoja juu ya jabali tupu nyuma ya kijiji, na mmoja kwenye ghala la ndani la tembe ya Mama Salome, mjane aliyekuwa analima alizeti na mtama na hakuwa na subira na watu wavivu.

Namna ya kujua mtetemo umetoka wapi ni rahisi. Watu wanne wakisikia kishindo, kila mmoja akaandika saa aliyokisikia, aliyesikia kwanza ndiye aliye karibu nacho. Ukipiga hesabu ya nani alitangulia na kwa kiasi gani, unapata mahali. Lakini saa zao lazima ziwe moja. Kwenye mwamba mgumu mtetemo unakimbia kiasi kwamba katika nusu sekunde umeshapita zaidi ya kilomita mbili. Saa ya mmoja ikikosea nusu sekunde, kishindo cha mtoni utakiweka kanisani.

Msidhani naongelea mambo ya saa za Kiswahili na saa za Kizungu. Hayo yalitusumbua wiki ya kwanza, tukacheka, yakaisha. Naongelea saa yenyewe kwenda.

Ndani ya kila sanduku saa ilikuwa inaendeshwa na kipande kidogo cha kristali kinachotetema. Na kristali, sawa na utepe wa chuma wa saa ya mwoka mikate, haipendi joto kubadilika. Ikipashwa inabadili mwendo, ikipoa inabadili mwendo. Kidogo sana, lakini siku nzima ni ndefu. Basi kila siku saa sita mchana Mkubwa alikuwa anaita kwa redio, "saa ni hii," na wadogo wanajirekebisha. Mara moja tu kwa siku, kwa sababu redio ndiyo inayokula betri, na saa sita ndipo bamba la sola limeshashiba jua.

Miezi ya kwanza shida zangu hazikuwa za saa kabisa. Mchwa walikula waya. Mbuzi walilamba bamba la sola la shuleni, sijui lina chumvi gani. Pale kwa Mama Salome nilikuta kuku anaatamia juu ya sanduku. Nikasema, "Shikamoo mama. Huyu kuku tumwondoe, ana uzito, kihisio kinamsikia."

"Marahaba. Kuku hakai hapo kwa kupenda sanduku lako," akanijibu huku anapepeta. "Kaona pametulia. Ngoja aangue, kisha mtaongea."

Tukangoja aangue. Vifaranga vilivyoanguliwa pale navyo vimo kwenye kumbukumbu za mitetemo, kama mtu anataka kwenda kuviangalia.

Hapo katikati ndipo nilipoonyesha ujuzi wangu. Niliona kwamba kila saa sita mchana, kabla ya kurekebishwa, kila mdogo amekosea kiasi chake, na kiasi hicho ni kilekile karibu kila siku. Wa jabalini alichelewa hivi, wa shuleni hivi, wa kwa Mama Salome karibu hakosei. Mimi fundi saa, nikafanya kile fundi saa anachofanya: nikampima kila mmoja mahali pake, si dukani, nikamtia kila mmoja nambari ya marekebisho ndani ya chombo, awe anajiongezea mwenyewe kidogo kidogo kutwa nzima. Wiki tatu zikapita. Kila nikifika saa sita, masanduku yote hayana kosa hata chembe. Nikajiona nimemlipa Mzee Abdallah ada yake.

Injinia Neema alikuja kukagua, akaenda nami mpaka jabalini saa sita kamili, akaona. "Fundi," akasema, "kule Dar wangeniandikia ripoti ya kurasa arobaini bila kufika hapa." Kichwa kikavimba. Nilipita sokoni Jumamosi nikiwasalimia wauza saa za beseni kwa huruma.

Fundi baruti wa machimbo alikuwa Elia, mtu wa Mtinko, rika langu. Baruti ina sheria zake: ufunguo wa stoo ulikuwa kwake peke yake, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Alikuwa mtu wa mzaha hadi inapofika saa tisa alasiri. Kuanzia hapo mpaka mlio upite, hazungumzi na mtu. Alikuwa ananihesabu kama mwenzake kwa kuwa wote tulikuwa watu wa kutazama saa. Akinikuta njiani ananiuliza, "Bwana Idi, leo dunia imekwenda sawa?" Namjibu, "Imekwenda, ila wewe unaipigia kelele."

Mwezi wa saba, alfajiri, saa kumi na moja na nusu, ardhi ikatikisika. Mimi nilikuwa naamka, nikasikia sufuria zinagongana. Haikuwa kubwa. Lakini paa la tembe ya Mzee Sungi, iliyokuwa na nyufa tayari, likaja chini. Ng'ombe wake wawili wa jembe wakafa palepale, na mjukuu wake wa kike akavunjika mguu.

Kufika saa tatu asubuhi kijiji chote kilikuwa machimboni. Mtu anayepiga baruti alfajiri, kabla ya saa aliyokubali, huyo si mzembe tena, ni mhalifu. Elia akaapa hakupiga. Wakaja kwangu. Nikatoa saa za masanduku yote manne, nikampelekea Injinia Neema, wiki ile yuko Dodoma kikazi, kwa redio ya upepo ya ofisi ya kijiji, akapiga hesabu kwenye kompyuta yake. Jibu likarudi mchana: chanzo ni machimboni, au hatua chache kutoka hapo.

Polisi walimchukua Elia jioni ileile. Walipomleta ofisi ya kijiji kuandikisha, alinikuta mlangoni.

"Bwana Idi," akasema, "baruti yangu haina miguu. Imelala stoo, nimeifunga mwenyewe. Waambie."

"Vyombo havisemi uongo, Elia."

Ndivyo nilivyomjibu. Mbele ya watu. Sikuyasema kwa chuki. Niliyasema kwa sababu nilikuwa nimevirekebisha mwenyewe.

Siku saba zikapita. Siku ya nane nikaamka mapema, giza linatoka, nikaenda kumpa pole Mzee Sungi ambaye alikuwa anajenga upya kibanda cha muda. Njia inapita chini ya jabali. Nikasema nipande niangalie sanduku, maana nilikuwa sijawahi kulitembelea saa ile. Siku zote nilikwenda saa sita, wakati wa kurekebisha. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha chuma nikakiondoa haraka. Kilikuwa baridi ya kuuma. Nyie mmelala mjini, hamjui baridi ya mwezi wa saba juu ya jiwe tupu alfajiri, upepo unapita bila hodi. Na mchana jiwe lilelile huwezi kulikalia.

Nikabaki nimesimama pale. Nilikumbuka tanuri la mikate, na nikaona nimelikosea somo la Mzee Abdallah kwa namna mpya. Nilipima mahali sahihi, ndiyo. Lakini nilipima saa moja tu ya siku. Nambari niliyolitia lile sanduku ilikuwa ya wastani, ya kutwa nzima. Mchana wa joto saa ilikwenda upande mmoja, usiku wa baridi ikaenda upande mwingine, asubuhi ikapashwa ikarudi, na saa sita, mimi ninapofika, imeshafika nyumbani, imetulia, haina kosa. Kama kibarua ambaye kila msimamizi akifika anamkuta na jembe mkononi. Katikati hapo alikuwa wapi, nani anajua?

Lakini kuhisi si kupima.

Kila sanduku lilikuwa na taa ndogo inayomweka kila sekunde. Nikaenda ofisini, nikamfungua Mkubwa pamoja na betri yake, nikamfunga kwenye blanketi zito asipigwe na baridi, nikamfunga nyuma ya baiskeli. Kesho yake alfajiri nikaanza kwa Mama Salome. Alinitazama nilivyolibeba lile furushi kifuani.

"Fundi umezaa?"

"Nimezaa mama. Nataka nimkutanishe na ndugu yake."

Nikamweka Mkubwa karibu na mdogo wa ghalani. Taa zikamweka pamoja: pa, pa, pa. Tembe ile, usiku na mchana, joto lake lilikuwa karibu lilelile. Nikapanda baiskeli mpaka chini ya jabali, nikalikwea naye, nikaziweka taa mbili kando kwa kando.

Mmoja akamweka, kisha mwingine, kisha wa kwanza, kisha wa pili. Zilikuwa zinapokezana sawasawa, mfano wa wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Nusu sekunde kamili. Nikakaa chini juu ya jiwe. Nikangoja pale mpaka saa sita, jua likinichoma utosi, nikazitazama zikisogeleana polepole, mpaka zikamweka pamoja, pa, pa, pa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kule shuleni, nilikopita njiani nikitoka kwa Mama Salome, chini ya bati, kosa lilikuwepo pia, dogo zaidi.

Hapa nawaomba msiniruke haraka. Ningeweza kwenda siku ileile. Sikwenda. Nilijiambia nipime mara ya pili, na kweli fundi hupima mara mbili, lakini nawaambia ukweli, nilikuwa najua. Niliogopa. Nilikuwa nimeshapoteza kazi moja kwa saa za beseni. Nikawaza nikisema kosa ni langu, nitarudi kukaa nyuma ya kioo kubadilisha betri. Na ile aibu ya kusimama mbele ya watu niliowaambia vyombo havisemi uongo! Siku ya pili nikapima tena. Ikawa vilevile. Siku hizo mbili Elia alikuwa ndani.

Siku ya tatu nikapanda lori la alizeti mpaka Singida mjini, nikampigia simu Injinia Neema kutoka posta, maana redio ya ofisini husikiwa na kila mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Fundi, unajua unachosema? Vipimo vyote vya alfajiri na usiku tangu uweke yale marekebisho, havifai."

"Najua."

"Na marekebisho nilikusifia mimi. Nimeyaandika."

"Najua, Injinia. Kwenye mkutano nitasema ni yangu. Sasa nakusomea makosa ya kila sanduku alfajiri, yaandike, upige hesabu upya."

Nikamsomea. Baada ya dakika chache za karatasi kuchakarika sikioni mwangu, akaniambia chanzo kimeondoka machimboni. Kimekwenda kukaa bondeni, chini ya miteremko ya Ufa, mahali ambapo hakuna hata njia ya mbuzi. Ilikuwa ardhi yenyewe.

Nilipoweka simu chini nilitaka kufurahi nikashindwa.

Injinia Neema alikuja kesho yake na karatasi zake, tukaenda polisi kwanza, kisha kijijini. Mkutano ulijaa. Nilieleza kwa taa, maana kwa maneno wasingenielewa. Nilikuwa nimewachukua wazee watatu jabalini alfajiri ile wakajionea zile taa zikipokezana, na wao ndio waliosema. Mzee Sungi akasimama, kofia mkononi.

"Sasa ng'ombe wangu nimlilie nani? Kwanza mlinionyesha mtu. Leo mnanionyesha ardhi."

Mama Salome akasema kutoka nyuma, "Kesho tunaanza kukata miti ya paa lako. Huyo wa saa naye atakuja na panga." Nikaenda. Nilikata miti siku nne, mikono ikatoka malengelenge, na hakuna aliyenihurumia. Sikutegemea wanihurumie.

Kazini sikufukuzwa, nashukuru. Injinia Neema alisema fundi aliyekosea akakiri ni bora kuliko mpya ambaye bado hajakosea. Tuliyabadilisha mambo. Tulichimba mashimo ya kina cha mkono mzima, tukayaingiza masanduku humo, tukayaezeka kwa miti na udongo, vijitembe vidogo. Mama Salome ndiye aliyetuonyesha unene wa udongo wa juu, na alitukosoa sana. Tena tukaongeza wito wa pili wa redio, alfajiri, wakati wa baridi kali, tukakubali hasara ya betri. Na nikaacha kupima saa moja ya siku. Nilipima saa sita, jioni, na alfajiri, nikaandika na hali ya joto pembeni. Vyombo vyenu vya siku hizi vina kipimajoto ndani na vinajirekebisha vyenyewe. Vizuri. Lakini mvitembelee siku moja saa ambayo havikutegemei.

Elia alitoka baada ya siku kumi na moja. Tisa zilikuwa za kutojua kwangu. Mbili zilikuwa zangu za makusudi, na hizo nilimwambia mwenyewe, tumekaa kwenye gogo nje ya stoo yake, kwa sababu sikutaka azisikie kwa mtu. Alikuwa amekonda. Hakunitukana. Akaniuliza tu, "Siku hizo mbili ulikula vizuri?"

Nikamwambia hapana.

"Basi."

Hakuwahi tena kuniuliza kama dunia imekwenda sawa. Mkandarasi alimrudisha kazini, na siku ya kwanza, saa tisa na nusu alasiri, kibarua wa Elia akaja kuniita. Nilimkuta Elia amesimama mbele ya mwamba na daftari la shule la mistari. Alikuwa ameandika tarehe, na saa atakayopiga, na idadi ya mashimo. Akanipa kalamu. "Tia saini hapo kwamba upo, na umeona saa. Mwenyekiti wa kijiji naye atatia."

Vyombo vilikuwa vimesharekebishwa. Hata mtu angekohoa machimboni tungejua ni nani. Nikatia saini, king'ora kikalia, bendera ikapanda, mwamba ukapasuka. Kesho yake akaniita tena. Na keshokutwa. Mpaka barabara ilipokwisha, kila siku ya baruti niliacha nilichokuwa nafanya, nikapanda baiskeli, nikaenda kutia saini kwenye daftari lile, na sikumwambia hata mara moja kwamba hakuna haja.